Nyumba hii nimeikuta

Sheikh aliinua macho kutoka kwenye karatasi akauliza kama yuko mtu anayemdai marehemu.

Tulikuwa sebuleni kwa mjomba, Ngamiani, Tanga. Wanaume wamekaa kwenye jamvi, wajane wawili wamo chumbani wanakaa eda, pazia la mlango limeshushwa. Mimi nilikaa kizingitini, nusu huku nusu kule, kikokotoo mapajani. Mimi ni mtoto wa dada yake marehemu. Penye watoto wa kuzaa mwenyewe, mtoto wa dada hapati kitu, na kwa kuwa riziki yangu ni uhasibu, ukoo ukaona kalamu nishike mimi.

Mwenye duka la kona alikuwa anadai 38,000. Fundi aliyeziba bati la uani hajamaliziwa 15,000 zake. Nikaandika. Sheikh akasubiri, akarudia: "Hakuna mwingine? Deni la maiti ni zito, jamani. Semeni sasa."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, mimi nyumba hii nimeikuta."

Alikuwa bi mdogo.

Nilikuwa namwona vizuri. Ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, anachezea pindo la kanga. Bi mkubwa yuko ubavuni mwake na wala hakugeuka kumtazama. Sheikh akauliza, "Una maana gani, bibie?"

"Maana yangu ndiyo hiyo. Nilipoolewa ilishaezekwa. Aliyejenga na marehemu yupo hapa ndani, na hajaulizwa."

Wiki kadhaa sasa sentensi ile inanifuata. Jikoni, kwenye daladala, kazini nikiwa nalinganisha hesabu za watu wengine.

Sehemu 64

Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha kabla bi mdogo hajafungua mdomo. Wazazi wa mjomba walishatangulia. Wamebaki wake wawili na watoto watano: bi mkubwa ana wavulana wawili na msichana mmoja, bi mdogo ana mvulana na msichana. Wake, marehemu akiwa na watoto, wana thumni yao, yaani moja ya nane, na thumni ni moja tu hata wakiwa wanne. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke.

Nilipotafuta namba inayogawanyika bila kuacha makombo nikapata 64. Kila mjane sehemu 4. Kila binti 7. Kila mvulana 14. Jumlisha unavyotaka, inatimia.

Mhasibu hupenda hesabu ikitimia. Nikaipigia mstari mara mbili chini.

Mali yenyewe ni nyumba. Kulikuwa na vitu vingine, baiskeli, redio, fedha kidogo benki, lakini aliyekuja kwenye kikao kile alikuja kwa ajili ya nyumba. Tuseme thamani yake ni milioni 64, ili tusisumbuane na desimali. Basi mwanamke aliyeishi humo tangu ukuta haujapigwa lipu anatoka na milioni 4. Mwanawe wa kwanza, ambaye wakati wa kuchimba msingi alikuwa anabebwa mgongoni, anatoka na milioni 14.

Sibishani na thumni. Mafungu yale yametajwa katika Suratun-Nisaa na mimi si wa kuyapangua. Hata hivyo fungu ni fungu la mali ya marehemu, na mali ya marehemu ni ipi, hilo halikutajwa kwenye karatasi yangu. Mimi nilianza kugawa nyumba nzima kwa sababu hati ina jina la mjomba, na hakuna aliyeniambia nianzie kwingine.

Bi mdogo ndiye aliyeniambia.

Doti mbili za kanga

Bi mkubwa aliolewa 1979. Kiwanja kilinunuliwa miaka ile ya mwanzo, na wanaoikumbuka miaka ya themanini hawahitaji kusimuliwa saruji ilivyokuwa inapatikana. Mjomba alikuwa karani bandarini. Mshahara wa karani ulilisha nyumba. Matofali yalitoka kwenye vitumbua.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa naviona. Nikienda likizo nilikuwa naamshwa na mlio wa mchi alfajiri, na tukitoka chuoni tunapita kwake tukiwa na sinia kichwani, kila mtu na mtaa wake. Fedha iliingia kwenye upatu wa akina mama wa mtaa, na zamu yake ikifika, mjomba anakwenda kununua bati. Ananunua mjomba. Risiti inaandikwa jina la mjomba. Nani angemwambia muuza mabati aandike jina la mwanamke ambaye yuko nyumbani anaosha vikaango?

Mwaka 1996 mjomba alirudi usiku baada ya Isha, akaweka mezani doti mbili za kanga na kilo mbili za nyama, akasema ameoa.

Bi mkubwa hakupiga kelele. Kanga zile hakuzivaa hata siku moja. Aliziuza, fedha akaitia kwenye upatu. Hadithi hii anaisimulia mwenyewe na huwa anacheka akifika hapo, ila ukimtazama usoni utaona kicheko hakifiki machoni.

Kisheria alikuwa na la kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na kama ndoa ni ya mke mwingine, wake waliopo watajwe. Mke aliyepo anaweza kupinga: aseme kipato cha mume hakitoshi, yeye na watoto wataumia, au anayeletwa atavuruga nyumba. Yote yameandikwa, na kwa kweli yameandikwa vizuri. Lakini taarifa isipotolewa, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo. Na mtu atapinga vipi jambo analoletewa habari yake pamoja na nyama ya kesho?

Miaka ya mwanzo bi mdogo alipangiwa chumba Makorora. Mjomba alipostaafu kodi ikamshinda, akamhamishia vyumba vya uani. Ndipo yalipoanza maisha ambayo watu wa nje hawayaelewi: zamu za siku mbili mbili, majiko mawili, friji mbili, LUKU ya umeme moja. Sikuwahi kusikia wanagombania mume. Nimewasikia mara nyingi wakigombania yuniti.

Kufunga vitabu

Ofisini kwetu tunahudumia biashara za ubia. Watu wawili wana duka, wa tatu anataka kuingia. Hata awe ndugu yao wa tumbo moja, haingii hivi hivi. Vitabu vinafungwa, mali inathaminiwa, kila mmoja anaandikiwa alichonacho mpaka siku hiyo. Baada ya hapo mgeni anakaribishwa, na faida ya kuanzia kesho ni ya watatu. Usipofanya hivyo, kesi iko njiani.

Kwa mjomba vitabu havikufungwa mwaka 1996.

Afrika Kusini wameliona hili. Sheria yao ya ndoa za kimila ya mwaka 1998 inamtaka mwanamume anayetaka kuongeza mke aende mahakamani na mkataba wa maandishi unaoeleza mali itakavyokuwa, na mahakama iuidhinishe. Wapo wengi wasiokwenda, na Mahakama ya Rufani ya kule ilisema mwaka 2012 kwamba kutokwenda hakuifanyi ndoa ya pili kuwa batili. Lakini angalau swali liko kwenye sheria. Kwetu halimo.

Kwetu kimo kitu kingine, kizuri kwa sura: kifungu cha 57 cha Sheria ya Ndoa, kinachosema mwanamume akiwa na wake wawili au zaidi, wake hao wana haki sawa, wajibu sawa na hadhi sawa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikifurahia. Siku hizi nakisoma nikiwa na wasiwasi. Usawa kati ya mtu aliyechota maji ya kuchanganyia saruji na mtu aliyekuta rangi imeshapakwa ni usawa wa namna gani? Bi mdogo si mnyang'anyi. Ni mke halali, ana watoto halali, naye amemuuguza mjomba miaka yake ya mwisho pengine kuliko mtu yeyote. Ila haki sawa ya leo imemeza kazi ya jana, na hakuna aliyeiba.

Kuna na kifungu cha 60. Mali ikiandikwa jina la mmoja wa wanandoa, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka uletwe ushahidi wa kupinga. Ikiandikwa majina yote mawili, inachukuliwa kuwa wana mafungu sawa. Jina tu.

Siku ile nilipofika nyumbani mume wangu aliniuliza kikao kimekwendaje. Nikamuuliza kiwanja chetu cha Kange kimeandikwa jina la nani.

"Si letu?"

"Jina," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Angeachwa angepata zaidi

Nilipoanza kuchimba zaidi nikakutana na jambo ambalo mpaka sasa halijanikaa sawa.

Tuchukulie mjomba alimwacha bi mkubwa mwaka 1996 badala ya kumwongezea mwenzake. Angekwenda mahakamani, na mahakama ingekuwa na mamlaka chini ya kifungu cha 114 kugawa mali waliyoichuma kwa nguvu za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Jaji Mkuu Nyalali alikuwa kwenye jopo. Kila mwanafunzi wa sheria nchini analijua shauri hilo. (Wachache wanakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Mahakama iliona fedha aliyokuwa amepewa na mumewe za biashara, akazitapanya, zilitosha kuwa fungu lake. Akawaachia wenzake ngao, yeye akaenda zake.)

Mke aliyejenga kwa vitumbua, kwa hiyo, angekuwa na mahali pa kusimama.

Kifungu kile kinazungumzia talaka na kutengana. Kifo hakimo. Mwanamke aliyevumilia, akagawana usiku na LUKU, akazika mumewe kwa heshima, anaingia kwenye chumba cha mirathi kama mrithi tu, mwenye sehemu 4 kati ya 64. Aliyeachwa anaulizwa ulichangia nini. Mjane anaulizwa una watoto wangapi.

Nilipomweleza hilo mama yangu alinyamaza kisha akasema, "Kwa hiyo mlitaka aombe talaka?" Hapana, mama. Sikutaka hivyo.

Swali la sheikh, lile la madeni, ndilo mlango niliokuwa siuoni. Kabla ya mrithi yeyote kupata kitu, yanatoka mazishi, madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kama nusu ya nyumba ilikuwa ya mkewe kwa jasho lake, nusu hiyo haikuwahi kuwa ya marehemu na haina sababu ya kugawiwa. Sheikh alilielewa kwa haraka kuliko mimi. Alichohitaji ni mtu wa kulisema, na mwenye haki alikuwa amefunga mdomo kwa sababu mwanamke wa rika lake hamdai mume aliyelala kaburini.

Hakimu yeyote wa mirathi atakwambia ushahidi mzito ni ule unaomuumiza anayeutoa. Bi mdogo na wanawe kwa hesabu yangu ya kwanza walikuwa na sehemu 25. Nusu ya nyumba ikitolewa kwanza, wanabaki na 12 na nusu. Na nusu ile haiwarudii tena, maana bi mkubwa akifa atarithiwa na watoto wake mwenyewe.

Sidhani kama alipiga hesabu hiyo. Labda aliipiga. Ni mfanyabiashara wa dagaa, si mtu wa kubabaishwa na namba.

Aliyepinga

Nilitegemea kelele zitoke upande wa watoto wa bi mdogo. Kijana wake alilitazama pazia kwa muda, akainamisha kichwa, basi.

Aliyesimama ni mtoto wa kwanza wa bi mkubwa.

"Sheikh, haya mambo ya zamani tutayapima kwa nini? Hati ina jina la baba. Tugawe tumalize."

Nikaitazama karatasi yangu. Nusu ikitoka, sehemu zake 14 zinakuwa 7. Ana mkopo wa bajaji, kila mtu pale alijua. Mdogo wake akamwambia kwa sauti ya chini kwamba cha mama si kitakuja kuwa chetu? Akajibu, "Lini?"

Neno lile lilipita pazia. Bi mkubwa alilisikia, nilimwona.

Hapo ndipo mambo yaliponigeuka kichwani. Maisha yangu yote nimeambiwa adui wa mwanamke ni mke mwenza. Tumeimbiwa hivyo arusini, tumevaa kanga zilizoandikwa hivyo. Na pale sebuleni mke mwenza anamtetea bi mkubwa, mtoto wake wa kumzaa anamhesabia siku.

Mimi si mtetezi wa mitala. Nilikuwa naipinga, naipinga hadi leo, na usiku ule wa doti mbili ni sababu tosha. Marafiki zangu waliosoma sehemu ya makala hii wameshaniuliza kama sasa nimegeuka. Hapana. Lakini mtu ajiulize: kama mjomba angefanya kama wanavyofanya wengi tunaofanya nao kazi, wenye cheti cha ndoa ya mke mmoja ukutani na nyumba ndogo Chumbageni, bi mdogo angekuwa wapi siku ile? Asingekuwa nyuma ya pazia. Angekuwa nje ya geti, watoto wamemshika gauni, na wanaume wangekuwa wanamwuliza yeye ni nani. Ushahidi wake nani angeuchukua?

Yeye alikuwa na hadhi ya kusema kwa sababu alikuwa mke. Jambo nisilolipenda ndilo lililotoa shahidi.

Sijui niliweke wapi hilo.

Kwingineko

Ningekuwa naandika haya kutoka Usukumani, hesabu ingekuwa fupi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo bado hazijafutwa, zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba kanuni hizi zina ubaguzi, ikakataa kuzifuta. Wajane wawili wa Shinyanga walilifikisha suala lao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, nayo ikawaunga mkono mwaka 2015. Kanuni zipo.

Na kama mjomba angekuwa Mkristo mjini Moshi aliyeacha mila, pengine wangetumia ile sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865 tuliyoachiwa na Mwingereza: mjane theluthi, watoto theluthi mbili. Mjane mmoja, lakini. Bi mdogo hayumo kabisa.

Mwanamke yule yule, nchi ile ile: theluthi, moja ya kumi na sita, au sifuri. Wanaosema thumni inawaonea wajane wapitie kwanza ile sifuri.

Kenya, kwa wasio Waislamu, wanahesabu kwa nyumba. Kila nyumba inapewa kulingana na idadi ya watoto, mke naye akihesabiwa kama kichwa kimoja. Kwa familia yetu ingekuwa sehemu 4 kati ya 7 kwa bi mkubwa na wanawe, 3 kwa bi mdogo na wake. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani yao iliamua shauri la familia moja lililosikilizwa Eldoret: nyumba mbili, ya pili ina mabinti watupu, na hoja ya upande wa wavulana ni kwamba wasichana wataolewa waende zao. Majaji hawakuikubali. Ni hatua kubwa. Lakini hata pale kinachohesabiwa ni vichwa. Nani alikuwepo wakati wa kuchimba msingi, halimo.

Wabunge wanawake wa Kenya walitoka bungeni mwaka 2014 wenzao walipoondoa sharti la ridhaa ya mke wa kwanza kwenye muswada wa Sheria ya Ndoa. Niliwaunga mkono wakati ule na sijajuta. Ila nikiwaza leo, ridhaa ya bi mkubwa mwaka 1996 ingemsaidia nini? Angeombwa, angekubali, wanawake wa mtaa ule wangeshangaa asipokubali. Ningempa kalamu aweke jina lake kwenye hati kwanza, halafu ndiyo aulizwe kama ameridhia.

Robo

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Sheikh alimwuliza bi mkubwa moja kwa moja, kwa pazia, anadai kiasi gani. Akasema yeye hamdai mumewe. Akaulizwa tena. Akasema, "Nipeni mnachoona."

Mtoto wa kwanza akasema robo. Nadhani alitaja robo ili isitajwe nusu. Wengine wakapokea upesi, kama watu waliofunguliwa mlango wa chumba chenye joto, na bi mdogo akasema, "Ni kidogo," mara moja, hakurudia.

Robo ikapita. Nikafuta mistari yangu miwili nikaanza upya: 16 za bi mkubwa kwanza, zinabaki 48, kila mjane 3, kila binti 5 na robo, kila mvulana 10 na nusu. Inatimia pia. Wakasaini wote, na nyumba haiuzwi kwa sasa. Anayetaka chake mapema atanunuliwa sehemu yake na wenzake. Karatasi hiyo ndiyo msimamizi wa mirathi ataipeleka mahakama ya mwanzo.

Kwa maoni yangu bi mkubwa alistahili nusu. Nilisema hivyo, na nikajibiwa kwamba niliitwa kuhesabu.

Juzi bi mdogo alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya mume na watoto, akazunguka weee, kisha akafika. Ana kiwanja Pongwe alichonunua kwa fedha za dagaa, na mkataba wa serikali ya mtaa aliandikisha jina la kijana wake.

"Mpwa wangu, hivi lile jina linabadilishika?"

Nikamwambia linabadilishika kijana akiridhia, na afadhali amwombe sasa hivi wangali wanasikilizana. Akauliza kama dada yake, yaani bi mkubwa, anaweza kusimama shahidi. Nikamwambia hakuna ubaya. Eda ikiisha waje wote wawili, walete na mkataba ule wa kwanza na stakabadhi za malipo kama bado zipo.

"Zipo," akasema. "Mimi risiti situpi."